Kwa Madhumuni Yote

Ijumaa moja kabla ya mapumziko ya Pentekoste, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Hester Applegarth alikuwa amebakiwa na biskuti moja, chai iliyopoa na vifungu viwili vya mswada. Treni ya kwenda kwa dada yake ilikuwa inaondoka saa kumi na dakika tano. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwandishi wa miswada ya serikali, katika ofisi ya ghorofa ya tatu karibu na Bunge la Westminster. Wanasiasa walisema wanachotaka, yeye akakigeuza kuwa sheria.

Mswada wenyewe ulikuwa mdogo, kurasa nne tu. Kulikuwa na mfuko wa fedha za vijiji vya pwani, na mbunge mmoja wa Derbyshire alikuwa ametamka waziwazi kwamba haiungi mkono serikali tena mpaka kijiji cha Nether Soke nacho kipate fungu lake. Sasa Nether Soke iko katikati kabisa ya Uingereza. Ukitoka hapo kwenda baharini, upande wowote utakaoshika, viatu vitaisha kabla ya safari. Lakini jamani, tangu lini jambo kama hilo likalishinda Bunge? Hester alikuwa amewafundisha vijana wengi wa ofisi ile kwamba Bunge la Uingereza lina uwezo wa kutunga sheria yoyote juu ya jambo lolote, na hakuna mahakama wala askofu wa kulizuia. Likitaka paka awe mbuzi, linaandika tu kwamba atahesabiwa kuwa mbuzi, na kesho yake mwenye paka anatafuta zizi. Neno la kazi ni hilo, kuhesabiwa. Sheria haisemi uongo, inahesabu.

Basi Hester akaandika kifungu cha nne: "Kwa madhumuni yote, kijiji cha Nether Soke kitahesabiwa kuwa kiko pwani."

Hapo ndipo alipoteleza. Huwa inaandikwa "kwa madhumuni ya sheria hii," ili kijiji kiwe cha pwani kwenye makaratasi ya ule mfuko tu, na kwingineko kibaki kilivyo. Hester alikuwa ameyaandika maneno hayo mara elfu kadhaa maishani mwake, ila siku ile jicho lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Akaendelea na cha tano, kile ambacho Hazina hukiomba kila mara ili watu wasije wakadai fidia: "Hakuna mtu atakayehesabiwa kuwa amepata hasara yoyote kwa sababu ya kifungu cha nne." Akafunika kalamu, akala biskuti, akaiwahi treni.

Mswada ulipita bila mjadala kwa kuwa wabunge wengi walikuwa chakulani. Alhamisi moja mwezi wa sita, saa tisa na dakika arobaini na tano, karani mwenye wigi alisimama katika Baraza la Malodi akasema, kwa Kifaransa cha kale ambacho Wafaransa wenyewe walishakiacha, kwamba Mfalme ameridhia. Saa tisa na dakika hamsini na mbili bahari ikafika Nether Soke.

Haikuja kwa fujo. Haikupita popote njiani wala haikulowesha kijiji kingine chochote. Ilikuwepo tu, upande wa magharibi, pale palipokuwa na malisho ya ng'ombe na mtaa wa bondeni, ikaenda mpaka macho yalipokoma. Ukisimama Over Soke, kijiji jirani kilichoko kilimani, ulichokiona bondeni ni kondoo na ua wa miiba kama siku zote. Ilibidi ushuke, uvuke ngazi ya mbao iliyoko mpakani, ukanyage ardhi ya Nether Soke, ndipo uione bahari na upepo wake ukupige usoni. Watu wa Over Soke hawakulalamika, kwa kuwa hawakutajwa kwenye sheria.

Kijiji kiliipokea bahari vizuri. Kamati ilikutana jioni ileile ikaagiza viti arobaini vya turubai. Mwenye duka la samaki na chipsi aliwaona shakwe wawili wakimpokonya mteja chipsi mlangoni, akasema, "Enhe, wamefika," akaenda zake kusafisha kikaango. Bi Bagguley, mwenye baa ya njia panda, alishusha kibao kilichoandikwa Jembe akapandisha kingine kilichoandikwa Nanga. Kasisi aliongeza dua ya wasafiri wa majini. Kufikia Agosti palikuwa na punda wa kupandwa na watoto, gati la mbao, na mvua ya mshazari iliyowanyeshea wageni walioketi ndani ya magari yao, vioo juu, wakila sandwichi na kutazama maji. Walisema hawajawahi kufaidi ufuko namna ile.

Katika mtaa wa bondeni nyumba zote zilikuwa mahame ya siku nyingi, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa ya Enoch Tunnicliffe, seremala mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Alasiri ile alikuwa ametoka kumtembeza mbwa wake aitwaye Meja, na alipogeuka arudi nyumbani, nyumba ilikuwa chini ya maji, paa lenyewe futi tisa hivi. Mwezi wa tisa akaandika barua kwa Bunge.

"Waheshimiwa," aliandika, "bahari yenu ni nzuri na sina lalamiko. Nimejaribu kuwa nalo, nimeshindwa. Humo chini kuna jiko nililokaa na marehemu mke wangu Ivy miaka arobaini na minne. Kila nikikaa chini nihuzunike kidogo, mdomo unapiga mluzi. Naomba ruhusa ya kuhuzunika, hata iwe ya muda. Mbwa wangu anaifanya kazi yote peke yake na ameshazeeka."

Barua ilizunguka idara sita, kila moja ikigonga muhuri wake, mwisho ikatua mezani kwa Hester kwa sababu herufi za jina lake zilikuwa kwenye pembe ya mswada. Aliisoma mara mbili. Akaufungua mswada, akaliona lile neno "yote" limekaa pale kwa mwandiko wake mwenyewe, na moyo ukataka kumshuka. Haukushuka. Badala yake alijikuta anaimba wimbo wa tangazo la sabuni, toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo alipokumbuka kwamba kifungu cha tano kinasema hakuna mtu, na yeye pia ni mtu.

Jumamosi akapanda treni mpaka Derby, kisha basi. Enoch alikuwa anamngoja kituoni, kofia mkononi, Meja miguuni pake, mbwa mweusi mwenye masharubu meupe. Watu wa pande zile humwita kila mtu bata, awe dereva au jaji, na si kwa dharau.

"Karibu, bata," alisema Enoch. "Pole na safari. Umekuja na mwavuli, vizuri, mvua ya hapa siku hizi ina chumvi."

Alikuwa anaishi kwenye karavani ukingoni mwa kijiji. Alimkaangia mgeni chapati za oti zenye jibini, akamimina chai nzito, akamsimulia habari za jiko. Mwaka wa pili wa ndoa yao Ivy alibandika karatasi ya ukutani yenye picha za ndege, akaibandika juu chini, ukuta mzima. Alipoambiwa, alisema ndivyo ndege wale walivyochorwa, na hakurudi nyuma kwenye neno hilo mpaka anakufa. Miaka arobaini na miwili Enoch alikula uji akitazama ndege waliosimama kwa vichwa. Alikuwa amepanga kwamba siku moja, akiwa mzee sana, atavuta kiti akae mbele ya ule ukuta amwambie Ivy kwamba alikuwa sahihi.

"Sasa wanatazamwa na samaki," alisema, akitabasamu tabasamu ambalo hakuliomba.

Mahakamani alishakwenda. Jaji alikuwa mtu mwema, alimsikiliza asubuhi nzima. Kisha akasoma hukumu kwamba kazi ya mahakama ni kuisoma sheria, si kuihukumu, na kwamba Bunge likisema kijiji kiko pwani, basi kiko pwani. Na mlalamikaji, kwa mujibu wa kifungu cha tano, hana analolilalamikia. Wapo wanaosema, aliongeza jaji, kwamba huenda kuna mambo ambayo hata Bunge haliwezi kuyafanya, lakini mpaka sasa hakuna aliyeleta orodha. Alipomaliza akavua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akaanza kupiga mluzi, na karani akafunga mlango kwa adabu.

Enoch akamwongeza mgeni chai. "Hivi, bata, hao wakubwa hawawezi kuifuta?"

"Wanaweza," Hester alisema. "Bunge linaweza lolote. Hata likiandika kwamba sheria fulani isifutwe milele, Bunge lijalo linaifuta asubuhi kabla ya chai. Hakuna Bunge linaloweza kulifunga jingine."

"Sasa wanangoja nini?"

"Mtu aliyeumia. Sheria haifutwi hivihivi, lazima aonekane mtu aliyeumizwa nayo."

"Mimi je?"

"Wewe hujaumia, Bwana Tunnicliffe. Kifungu cha tano."

Enoch aliligeuza jambo hilo kichwani, akalikagua pembe zote kama mtu anayekagua mlango mpya. "Aisee," alisema. "Hata wembe haupiti. Nani kaiunga hii?"

"Mimi."

"Kazi safi, bata." Hakuwa anakejeli. Alikuwa amefanya useremala miaka hamsini, na kiungo kizuri alikijua akikiona.

Hester alimtazama Meja, aliyekuwa amelala mlangoni, pua imeelekea baharini. "Upenyo upo," alisema. "Niliandika mtu."

Saa kumi na moja na nusu walishuka ufukoni wote watatu. Meja alikwenda mpaka maji yalipomgusa kucha, akakaa, akainua kichwa akalia. Alilia kwa sauti ndefu, ya chini, isiyo na haraka, akashusha pumzi, akaanza tena. Wageni waliokuwa kwenye viti vya turubai walihamisha viti. Enoch alikaa juu ya mchanga akavua kofia, akafumba macho, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu kituo cha basi, yakashuka taratibu.

"Mimi mwenyewe sipati kitu," alimwambia Hester. "Lakini akilia huyu, angalau nakumbuka inavyotakiwa kuwa."

Hester alikaa naye mpaka Meja alipomaliza. Kisha alipanda basi, na njia nzima mpaka Derby alipiga mluzi hata abiria wa mbele akageuka kumpongeza kwa uchangamfu wake.

Bi Bagguley wa Nanga hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea Enoch supu kila Jumapili. Lakini saa kumi na moja na nusu ndiyo saa ambayo wageni wake walikuwa wanaanza kula, na mteja mmoja kutoka Nottingham alikuwa ameacha nusu ya sahani. Akamwandikia mbunge. Mbunge akamwona Waziri. Mwezi wa kumi Bwana Loftus, msaidizi wa Waziri, kijana mwenye soksi za rangi na heshima nyingi, aliingia ofisini kwa Hester na kikaratasi kilichoandikwa hivi: kifungu cha tano, baada ya neno "mtu," ongeza "au mnyama."

"Kitu kidogo tu, mama," alisema Loftus. "Maneno mawili."

Hester alimwambia kuwa kuna marekebisho mengine, ya maneno matatu, ambayo yangefaa zaidi. Kifungu cha nne kina kosa, na kosa ni lake. Neno "yote" likitolewa, yakawekwa maneno "ya sheria hii," bahari itaondoka, kijiji kitabaki na fungu lake la fedha, na kila mtu atarudi alipokuwa.

Loftus alimsikiliza kwa makini. Halafu akamweleza kwamba gati limeshajengwa, boti ya uokoaji imeshazinduliwa, na mbunge ameshapata kura nyingi kuliko wakati wowote. "Na hata tukitaka," alisema, "nitamwambia Waziri tunaifuta kwa ajili ya nani? Nani ameumia, mama? Nipe jina moja tu."

Hester alikuwa nalo jina. Lilikuwa limemjaa kinywani tangu Derby. Akafungua mdomo alitaje, na kilichotoka ni, "Hakuna."

"Basi," alisema Loftus kwa upole, akaacha kikaratasi mezani.

Hester aliandika maneno mawili yale, akayaandika vizuri, koma mahali pake. Bunge likayapitisha Jumatano baada ya chakula, na karani mwenye wigi akasema Kifaransa chake. Jioni hiyo Meja alishuka ufukoni kama kawaida, akakaa, akainua kichwa, akapiga mwayo, akaanza kuyatikisia mawimbi mkia. Wiki iliyofuata Hester alipokea kadi yenye picha ya gati la Nether Soke. "Meja ana furaha sana," iliandikwa. "Natafuta pengine pa kuiweka huzuni hii, sijapata bado. E. Tunnicliffe." Hester aliiegemeza kadi kwenye birika na kuitazama huku akipiga mluzi.

Mwezi wa kumi na moja yakaja maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, na bahari ya Nether Soke ikarudi nyuma kuliko ilivyowahi kurudi tangu itungwe. Saa nane mchana, mbali kidogo na ncha ya gati, ikatokeza dohani ya nyumba ya Enoch, matofali matano juu ya maji. Ilipomaliza kujichuruza ikaanza kulia. Sauti ilikuwa ya Meja, ndefu, ya chini, isiyo na haraka. Upepo haukuwepo, bendera ya Nanga ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Enoch alikuwa akinunua kitunguu dukani. Alikilipia, akatoka, akashuka ufukoni, akavua kofia, akakaa. Dohani ililia mpaka maji yalipoifunika tena, halafu mzee akainuka akaenda kupika.

Ikawa hivyo kila bamvua, mara mbili kwa mwezi. Wageni waliuliza ni nini, na vijana wa kijiji wakawaambia ni dohani ya Bwana Tunnicliffe, nao wakaridhika. Bi Bagguley alivumilia mpaka Krismasi ilipopita, kisha akaandika barua.

"Mtu, mnyama au kitu," alisema Loftus, akiweka kikaratasi kipya mezani. "Samahani, mama. Natumaini huu ndio mwisho."

Mwandishi wa miswada hakatai. Hester hakuwahi kukataa jambo katika maisha yake ya kazi, na hakuanza siku ile. Ila mwandishi ana haki moja ya zamani sana, haki ya kuuliza, na huwa haombwi kueleza kwa nini. Akavuta karatasi safi akaandika maswali yake kwa mwandiko wa kutulia. Je, dohani ni kitu, au ni sehemu ya jengo? Kama ni jengo, je, jengo lililo chini ya bahari bado liko juu ya ardhi? Ardhi iliyo chini ya bahari huhesabiwa kuwa ya Mfalme, kwa hiyo je, mawakili wa Mfalme wameulizwa? Idara ya Uvuvi je? Mamlaka ya Bandari je? Na kama kila kitu kimekusudiwa, bahari yenyewe nayo ni kitu, na je, Waziri anataka ichangamke zaidi ya hapo ilipo?

Loftus aliyasoma yote, akayasoma tena kuanzia chini. "Haya yatachukua muda," alisema.

"Inawezekana," alisema Hester. "Hatutaki kukosea tena."

Karatasi ikaanza kuzunguka idara. Mawakili wa Mfalme walisema watajibu baada ya Pasaka. Uvuvi waliuliza kama dohani ina samaki ndani yake. Bandari waliomba ramani, wakapewa, wakasema ile ni ramani ya malisho ya ng'ombe. Pasaka ikapita, likaja joto, Bunge likaenda mapumziko. Nether Soke ikapata fungu la pili la ule mfuko, na ikatunukiwa bendera ya buluu ya ufuko safi kuliko zote za Uingereza ya kati. Jiko la Ivy liliendelea kuwa chini ya maji, ndege wake wakiwa miguu juu, na katika makaratasi yote ya serikali hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeumia.

Ijumaa moja mwishoni mwa kiangazi, Hester alipokea kadi nyingine, hii ina picha ya punda. "Jana dohani ililia dakika kumi na moja kamili," iliandikwa. "Upepo hakuna. Meja alilala tu pembeni yangu. Nimemwambia Ivy habari ya ndege. Asante, bata."

Hester aliibandika chini ya saa ya ukutani, pale jicho lake lilipopenda kwenda. Alijua kwamba majibu ya idara yatarudi siku moja, yote, na kwamba siku hiyo ataliandika neno "kitu," na ataliandika barabara, kwa sababu ndiyo kazi yake. Alimfikiria mzee anayesubiri mwezi na maji ili aazimwe huzuni yake mwenyewe kwa dakika kumi na moja. Kooni kikapanda kitu kizito, cha moto, akakishikilia kadiri alivyoweza, akauma meno. Kilipofika mdomoni kilikuwa mluzi. Akawasha birika, akaendelea kupiga mluzi mpaka maji yakachemka.